"Ana Sauti": Mabishano kuhusu Waimbaji wa Kike na Kiswahili cha Kuyaamulia katika Mtaa wa Walukuba, Jinja

Ikisiri

Swali la nani miongoni mwa waimbaji wa kike ana sauti bora kuliko wote huulizwa kila mahali penye redio, na aghalabu huishia bila jibu. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia mtaa wa Walukuba, Jinja, na ukanda unaouunganisha mji huo na Mbale, mashariki mwa Uganda. Yanafafanua kwamba wabishi hawaafikiani kwa sababu neno *sauti* hubeba vipimo kadhaa vinavyotokana na lugha, shughuli na vyombo tofauti. Yanaonyesha pia kwamba Kiswahili, ambacho nchini Uganda kimejulikana kwa muda mrefu kama lugha ya amri, hupata katika mabishano haya kazi ambayo sera za lugha hazijaizingatia ipasavyo, yaani kazi ya kuhukumu uzuri.

Maneno muhimu: sauti, uimbaji, Walukuba, uhakiki, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Walukuba ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi ulioko mashariki ya kitovu cha Jinja, karibu na Ziwa Viktoria na mwalo wa wavuvi wa Masese. Ulijengwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati Jinja ilipokuwa ikigeuzwa kuwa mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Kiwanda cha nguo cha Nytil na kile cha kuyeyushia shaba iliyotoka Kilembe vilikuja katika muongo huohuo. Cyril na Rhona Sofer, katika kitabu chao cha mwaka 1955 kuhusu mji huu, waliieleza Jinja iliyokwisha kubadilika kutoka makao madogo ya utawala hadi mji wa vibarua waliotoka pande nyingi. Wasoga walikutana humo na Wagisu, Wateso, Wasamia, Wajopadhola, Waganda, watu wa West Nile, na Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya.

Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wengi wa Kikenya, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia waliomiliki sehemu kubwa ya viwanda. Uchumi wa mtaa uliyumba, lakini mchanganyiko wa watu ulibaki. Katika mtaa wa namna hiyo, nyimbo za lugha kumi zinaweza kusikika ndani ya siku moja, na mtu hujifunza mapema kwamba jirani yake anasikiliza kwa sikio jingine.

Mabishano kuhusu waimbaji hayahitaji mwaliko. Wimbo hutoka kwenye kibanda cha kinyozi au stegi ya bodaboda, mmoja akasema kuwa hakuna aliyepata kuimba kama huyo, na mwingine akakataa. Majina yanayotajwa hutegemea umri na asili ya wanaobishana. Mbilia Bel wa Kongo huletwa na wale waliokuwa vijana katika miaka ya 1980. Rachael Magoola hutajwa kwa fahari ya Busoga, Juliana Kanyomozi kwa heshima inayokaribia utii, na Saida Karoli na wanaokumbuka mwanzo wa karne hii. Vijana huja na Cindy Sanyu, Sheebah Karungi, Rema Namakula na Zuchu. Simon Frith, mtaalamu wa Kiingereza wa muziki pendwa, alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1996 kwamba kubishana juu ya thamani ya nyimbo ni sehemu ya raha yenyewe ya kuzisikiliza. Hoja hiyo inakubalika, ila inaacha swali moja ambalo katika miji ya Afrika Mashariki haliepukiki: watu hubishana kwa lugha gani, na lugha hiyo inawapa maneno gani ya kubishania?

2.0 Masikio ya mtaa mmoja

Hadi mwishoni mwa mwaka 1993 redio ya ndani ilikuwa moja tu, Radio Uganda, na aliyetaka zaidi aligeuza kitufe atafute matangazo ya Kenya au Tanzania. Kuanzia Desemba 1993 vituo binafsi viliruhusiwa mjini Kampala, na baadaye Jinja ikapata vyake, vingi vikitangaza kwa Kisoga na Kiganda, huku Mbale nayo ikipata vituo vinavyohudumia wasemaji wa Kigisu na lugha jirani. Mabadiliko haya yaligawa masikio kwa rika. Waliokua chini ya redio moja wana orodha ya pamoja ya sauti wanazozikumbuka. Waliokua baada ya hapo wana orodha nyingi zinazogusana kwa sehemu ndogo tu.

Rachael Magoola ni mfano wa namna lugha ya wimbo inavyoingia katika hukumu ya sauti. Akiwa na Afrigo Band, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975 na kudumu kuliko nyingine nyingi nchini, aliimba "Obangaina" kwa Kisoga wakati ambapo Kiganda kilitawala muziki wa Kampala. Msikilizaji wa Kisoga anaposema kwamba Magoola ana sauti kuliko wote, hukumu yake imechanganya uzuri wa koo na furaha ya kusikia lugha ya nyumbani ikisimama jukwaani. Hilo halipaswi kuitwa upendeleo na kutupwa kando. Lugha ina irabu zake na toni zake, na sauti iliyokulia ndani yake huzitamka kwa wepesi ambao mgeni hawezi kuuiga. Sikio lililokulia humo huutambua wepesi huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa upande mwingine yuko Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera, Tanzania, ambaye nyimbo zake za Kihaya zilienea hadi Uganda baada ya kutoka albamu yake ya kwanza mwaka 2001. Kihaya ni jirani wa karibu wa Kinyankole, kwa hiyo magharibi mwa Uganda wapo walioelewa mengi aliyoyaimba. Mashariki hali ilikuwa tofauti. Huko msikilizaji wa kawaida hakupata maneno, alipata sauti tupu ikipanda juu ya ngoma na kukatika ghafla. Vivyo hivyo kwa Mbilia Bel, aliyejiunga na Afrisa International ya Tabu Ley Rochereau mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuimba zaidi kwa Kilingala. Wanaomtetea Mbilia Bel katika mtaa kama Walukuba mara nyingi humtetea kwa hoja moja yenye nguvu: kwamba aliwafikia bila tafsiri. Anayemtetea Magoola anapima sauti pamoja na neno, na anayemtetea Mbilia Bel anapima sauti iliyotengwa na neno. Wote wawili wanatumia neno *sauti*, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

3.0 Vipimo vinavyogongana

Kipimo cha kwanza ni cha uwanja wa wazi. Muziki wa Kisoga wa *embaire*, marimba makubwa yanayopigwa na watu kadhaa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, huchezwa nje, na mwimbaji hana budi kuvuka mlio wa mbao. Mbale kuna *imbalu*, jando la Wagisu linalofanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ambamo ngoma za *kadodi* huandamana na vijana barabarani kwa siku nyingi. Viitikio na vigelegele vya wanawake hupaa juu ya ngoma hizo. Sauti nzuri katika mazingira hayo ni sauti inayofika. Lazima iwe na ukali kidogo na makali ya mbele, tena idumu tangu asubuhi hadi jioni. Sauti laini ya kunong'ona, hata iwe tamu vipi, humezwa na vumbi.

Kipimo cha pili kimetoka pwani. Neno *taarab* limetokana na Kiarabu *tarab*, linalotaja ile hali ya kusisimka kunakompata msikilizaji. Kwa hiyo katika utamaduni huu mahali pa kupimia ni kifuani mwa anayesikiliza. Huko Misri, Umm Kulthum alijulikana kwa kurudia mshororo mmoja mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine, akiongozwa na mwitikio wa waliohudhuria. Zanzibar na Dar es Salaam, msikilizaji aliyeguswa huinuka akamtunza mwimbaji kwa fedha mbele ya watu, na hapo hukumu huwa imeshatolewa hadharani. Ushindani wa Khadija Kopa na Nasma Khamis katika miaka ya 1990, kati ya TOT na Muungano, ulikuwa ushindani wa sauti na pia wa mipasho, na mashabiki hawakuona haja ya kutenganisha vitu hivyo viwili. Vijana wa Jinja wanaompenda Zuchu wanasikia sehemu ya shule hiyo bila kuitaja, maana Zuchu ni binti wa Khadija Kopa.

Kipimo cha tatu kililetwa na mashine. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za His Master's Voice. Mwanamke aliyewahi kutembeza vyungu akiviuza alianza kusikika na watu ambao hawakupata kumwona. Santuri ilitenganisha sauti na mwili, na tangu hapo ikawezekana kubishana juu ya sauti ya mtu aliye mbali au aliyekwisha kufa. Kipaza sauti nacho kilibadilisha kinachohesabiwa kuwa uzuri, kwani pumzi na mnong'ono, vilivyokuwa havisikiki uwanjani, viligeuka kuwa mapambo. Leo programu za kurekebisha sauti katika studio zimeongeza shaka mpya, na mbishi hodari wa mtaani huwa na swali lake tayari: je, huyo umemsikia akiimba mbele ya watu, au umemsikia kwenye simu tu?

Ipo pia sauti inayovunja vipimo vyote hivi. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hakuwa na ulaini wa kusifiwa. Sauti yake ya uzeeni ilikuwa na ukwaruzo, ukavu na nguvu ya mpiga ngoma wa unyago, na ndiyo iliyompatia tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1972, alitofautisha uimbaji uliokamilika kifundi na uimbaji ambao mwili wa mwimbaji unasikika ndani yake, na akachagua wa pili. Wapenzi wa Bi Kidude walikuwa wamekwisha kufika huko bila kumsoma.

Kipimo cha mwisho ni cha shindano la runinga. Kati ya mwaka 2006 na 2013 Tusker Project Fame, lililorushwa kutoka Nairobi, liliwaweka vijana wa nchi za Afrika Mashariki mbele ya majaji. Katika misimu sita, washindi watatu walikuwa wanawake: Valerie Kimani wa Kenya, Esther Nabaasa wa Uganda na Ruth Matete wa Kenya. Juliana Kanyomozi mwenyewe alikuwa jaji katika msimu wa mwaka 2009. Majaji walizungumza Kiingereza, wakieleza habari za pumzi, kidatu na kukosa au kupata noti, nao watazamaji walipiga kura kwa simu, mara nyingi kwa kufuata bendera. Mamilioni ya watazamaji walizoea hivyo kusikia sauti ikihukumiwa kwa utaalamu, lakini kwa Kiingereza tu. Athari yake ingali inasikika: katikati ya mabishano ya Kiswahili au Kisoga, pale hoja inapotakiwa kuwa ya kifundi, mbishi huhamia Kiingereza.

4.0 Kololo, Septemba 2023

Tukio moja la karibuni linaonyesha vipimo hivi vikigongana waziwazi. Tarehe 15 Septemba 2023, katika uwanja wa Kololo, Kampala, Cindy Sanyu na Sheebah Karungi walipambana jukwaani kwa zamu, wimbo kwa wimbo, baada ya majibizano ya miaka kadhaa. Cindy alitokea katika kundi la wasichana la Blu*3, lililoundwa kupitia shindano la uimbaji mwaka 2004, na amejijengea jina kwa kuimba moja kwa moja mbele ya hadhira. Sheebah alianza kama mcheza dansi, akapitia kundi la Obsessions, na akawa gwiji wa kumiliki jukwaa, kwa nyimbo ambazo umati mzima huziimba pamoja naye.

Waliompendelea Cindy walisema kuwa shindano la waimbaji lazima liamuliwe kwa koo. Waliompendelea Sheebah walijibu kwamba sauti ambayo haimwinui mtu kitini haina kazi. Hoja ya kwanza ni ya shule ya mashindano ya runinga. Ya pili, ingawa wenyewe hawakuiita hivyo, ni *tarab*: kipimo kiko kwa msikilizaji. Kwa hiyo mabishano yaliyofuata, Kampala na mikoani, hayakuweza kwisha kwa kuhesabu makosa ya noti. Wabishi walikuwa wamesimama katika mahakama mbili zenye sheria tofauti, kila upande ukishangaa ukaidi wa mwenzake. Ni rahisi kulicheka jambo hili kama ushabiki. Ila mfumo wa tuzo wa nchi umejengwa juu ya mkanganyo huohuo: tangu kuanza kwa tuzo za PAM mwaka 2003, vipengele vya "msanii bora wa kike" vimekusanya pamoja sauti, utunzi, mauzo, jukwaa na umaarufu, na kuyaita yote jambo moja.

5.0 "Ana sauti"

Hukumu fupi kuliko zote katika mabishano haya ni maneno mawili: *ana sauti*. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Uganda, ambacho ngeli zake zimepunguzwa na matumizi ya kila siku, husikika pia kama *iko na sauti*. Sentensi hii ina utajiri unaostahili kufafanuliwa kwa kirefu kuliko inavyofanywa.

*Sauti* ni neno la asili ya Kiarabu. Huko kwenye asili yake, *sawt* hutaja mlio wa koo na pia, katika Kuwait na Bahrain, aina maalumu ya uimbaji. Kiswahili kilipolichukua kilifanya jambo jingine nalo. Kusema kwamba mtu *hana sauti* katika nyumba, ukoo au ofisi ni kusema hana mamlaka, na *mwenye sauti* ni yule ambaye neno lake linatekelezwa. Hivyo msemaji wa Kiswahili anayesema "Juliana ana sauti" anatumia, hata bila kukusudia, neno linalochanganya uzuri na uwezo. Kiganda kina *eddoboozi*, na Kijaluo kina *dwol*, na kila msemaji huleta mezani mazoea ya neno lake la kwanza. Lakini mabishano yanapofanyika kwa Kiswahili, maana ya mamlaka huwepo daima, hata isipotajwa.

Zaidi ya sentensi hiyo, sifa za kawaida huegemea athari. Mwimbaji husifiwa kwa kuwa na sauti ya *kumtoa nyoka pangoni*. Msemo huu una raha yake, na unalingana kabisa na *tarab*, kwa kuwa kinachoelezwa ni kile kinachompata nyoka. Juu ya koo lenyewe hausemi neno. Anayeusikia hawezi kujua kama mwimbaji ana sauti nene au nyembamba, kavu au nyororo, yenye kutetema au iliyonyooka.

Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza koo. Taarab na ushairi vimehifadhi *mahadhi* na *lahani* kwa mwendo wa wimbo, *kughani* kwa uimbaji ulio karibu na usemaji, *kituo* kwa mahali pa kupumzikia, *kiitikio* na *kibwagizo* kwa sehemu za umati. Isimu ina *kidatu* kwa kiwango cha juu au chini cha mlio, *kiimbo* kwa mwinuko na mshuko, na *mtetemo*. Kiswahili cha mazungumzo kina unyororo, ukavu, ukwaruzo, ukali na unene, pamoja na vitenzi vizuri mno: kuivuta sauti, kuikata, kuitua, kuipandisha, kuibana. Upungufu uko katika mgawanyo. Maneno ya taarab yamebaki pwani, ya isimu yamebaki katika vitabu vya sarufi, na mtu wa Walukuba ameachiwa nyoka na pango lake. Ndiyo maana hoja yake ya kifundi hukimbilia Kiingereza. Hajakosa sikio. Tofauti anaisikia vizuri, ila hajapewa jina lake katika lugha ambayo yeye na jirani yake wanaishiriki.

6.0 Kwa nini waimbaji wa kike peke yao?

Jambo moja hupita bila kuulizwa katika mabishano haya: wanaume huhesabiwa wapi? Waimbaji wa kiume hupimwa zaidi kwa ujumbe, utunzi, ushawishi na hata siasa. Wanawake hupimwa kwa sauti na, mara nyingi, kwa sura. Sifa ya sauti, kwa hiyo, yaweza kuwa heshima na yaweza kuwa kifungo. Siti binti Saad alikejeliwa kwa asili yake ya shamba, na akajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya uzuri wa sura. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, aliona wazi kwamba ukuu wake haukuishia kooni, kwa kuwa nyimbo zake zilibeba habari za mji, dhuluma za wakubwa na kesi zilizozungumzwa na watu. Anayemwita Siti sauti bora tu amempunguza.

Hali ni hiyohiyo kwa waimbaji wa Uganda. Magoola ni mtunzi, na mwaka 2021 aliingia bungeni kama mwakilishi wa wanawake wa wilaya ya Bugweri, ambako *kuwa na sauti* kuna maana yake ya pili kikamilifu. Sheria nayo imetenganisha mambo ambayo mabishano huyaunganisha. Sheria ya hakimiliki na haki jirani ya mwaka 2006 inampa mtunzi haki moja na mwimbaji haki nyingine, na mwanamke anayesifiwa kwa sauti peke yake, huku utunzi wake ukisahauliwa, anaweza kupoteza zaidi ya sifa. Mshauri wa sera anayedhani mjadala wa sauti ni mambo ya vijiweni afikirie kidogo juu ya mikataba inayotiwa saini na wasichana ambao kila mtu amewaambia kuwa wanachomiliki ni koo tu.

7.0 Kutoka amri hadi hukumu ya uzuri

Historia ya Kiswahili nchini Uganda inaeleza kwa nini mabishano haya yana uzito kupita ukubwa wake. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike zaidi katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga hadharani, na upinzani wa Buganda ukadumu. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, wakati ambapo kilikuwa kikisikika kwa raia wengi kupitia vinywa vya wanajeshi. Lugha iliyoagiza watu washuke garini na kulala chini haikusahaulika upesi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hatua zote hizo zilishuka kutoka juu, kwa sauti ya mamlaka. Katika mitaa kama Walukuba, na katika vitongoji vya Mbale kama Namatala, Kiswahili kimeishi kwa njia nyingine, kama lugha isiyo ya kabila lolote kati ya wanaobishana. Faida yake katika mjadala wa waimbaji ni dhahiri. Akibishana kwa Kisoga, shabiki wa Magoola yuko nyumbani na mpinzani wake ni mgeni. Kwa Kiganda, Kampala imeshinda kabla ya wimbo kuanza. Kwa Kiswahili hakuna mwenyeji, na kila mmoja hulazimika kueleza anachokisikia badala ya kukitegemea kieleweke. Kazi hii ya kueleza uzuri kwa asiyeshiriki lugha yako ni kinyume cha amri, kwani amri haielezi sababu.

Mtaala, kwa hiyo, una nafasi ambayo haujaitumia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Jinja au Mbale anafundishwa kusalimu, kununua sokoni na kujaza fomu. Angeweza pia kusikilizishwa Bi Kidude na Rema Namakula mfululizo, akatakiwa aandike aya moja kueleza tofauti ya sauti zao bila kutumia maneno *nzuri* na *tamu*. Zoezi hilo lingemhitaji ajue *ukwaruzo*, *mtetemo*, *kidatu*, *kuitua sauti*. Yeye ameshaingia darasani na maoni yake juu ya suala hilo, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kujaza fomu. Walimu wa Kiswahili wangehitaji ushirikiano wa wenzao wa sanaa za maonyesho, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, ambako msamiati wa taarab umehifadhiwa, ingeweza kuandaa faharasa fupi ya istilahi za uimbaji kwa ajili ya nchi wanachama. Kwa tuzo za muziki, hatua ya kwanza ni ndogo: kutenganisha kipengele cha uimbaji na kile cha utunzi na kile cha jukwaa, na kuwataka majaji watoe sababu zao kwa maandishi.

Jambo la mwisho linahusu sauti ambazo hazimo katika mabishano. Klaus Wachsmann alirekodi muziki katika sehemu nyingi za Uganda mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Hugh Tracey alipita nchini kwa kazi hiyohiyo katika miaka ya mwanzo ya 1950, yaani wakati Walukuba yenyewe ilipokuwa changa. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya muziki iliyopewa jina la Wachsmann. Wabishi wa leo huanza orodha yao na redio, hawaanzi na mwimbaji wa uwanjani aliyeimba kabla ya redio kufika mlangoni kwao. Spika moja, rekodi chache za wanawake kutoka hifadhi hiyo, na jioni moja katika ukumbi wa mtaa zinatosha kuanzia. Mzee wa Kisoga, mama wa Kigisu na kijana wa bodaboda wasikilizishwe rekodi hizo pamoja na Cindy na Mbilia Bel, kisha waulizwe kwa Kiswahili: huyu naye mnamweka wapi, na kwa sababu gani?